Sashe si kuni: maneno kwa familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wa Lubondja



Nimeombwa niseme juu ya kitu kidogo: sashe. Ninasema ile mifuko midogo ya sabuni ya unga, ya biskuti, ya maziwa ya unga, na ile ya pasta ya karanga wanayopewa watoto wenye utapiamlo. Bido likipasuka, kuna anayelinunua, au analikata apate chombo cha kuchotea maji. Sashe haina mnunuzi. Ukiichana utaona sababu: ni ngozi mbili tatu zilizobandikwa pamoja, plastiki ya namna moja na plastiki ya namna nyingine, mara nyingi na alumini katikati. Kuzitenganisha hakuna faida, na zikiyeyushwa pamoja hazitoi kitu imara.

Basi nyumbani tumeipatia kazi moja: kuwashia mbabula. Na tusidanganyane, inawaka. Plastiki imetoka katika mafuta ya ardhini, na nguvu ya mafuta hayo ingali ndani yake. Kilo moja ya plastiki nyepesi ina joto la megajuli zaidi ya 40. Kilo ya makala ina kama 30, na kilo ya kuni kavu kati ya 15 na 18. Mama anayetupa sashe motoni si mjinga. Anahesabu njia ya kwenda kutafuta kuni.

Wengine wamejaribu kuitumia nguvu hiyo kwa utaratibu. Huko Nairobi, katika mtaa wa Kibera, lilijengwa jiko kubwa linaloitwa Jiko ya Jamii, lililobuniwa na mchora majengo Jim Archer. Watu walileta takataka zilizochaguliwa na kukaushwa, nao wakapata nafasi ya kupika au maji ya moto. Tangu mwanzo takataka hazikuwa shida, maana Kibera inazo tele. Shida ilikuwa joto. Mafundi walidondosha mafuta machafu ya magari pamoja na maji juu ya bamba la chuma lenye moto mkali, ili moto upande zaidi.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu plastiki isipoungua kabisa, sumu yake inatoka na moshi. Sheria za Ulaya zinadai moshi wa tanuru la takataka ukae katika joto la nyuzi 850 kwa sekunde 2 angalau, kisha uchujwe kabla ya kutoka nje. Mji wa Addis Ababa, Ethiopia, ulifungua kiwanda cha namna hiyo mwaka 2018, kinaitwa Reppie, kwa gharama ya dola zaidi ya milioni 100. Hiyo si kazi ya mafiga matatu. Moto wa mafiga unapanda na kushuka, na moshi unakimbia kabla haujaungua. Ukiwa ndani ya kibanda cha maturubai, unaingia kwanza kwa yule aliyeinama akipuliza, na kwa mtoto aliye mgongoni mwake. Plastiki yenye klorini ikiungua vibaya inatoa dioksini, sumu inayokaa katika mafuta ya mwili, katika maziwa, na katika mayai ya kuku wanaochakura majivu.

Kuitupa mtoni nako si jibu. Waliofika Bukavu wanajua habari ya Ruzizi: plastiki zinazotoka Ziwa Kivu zinaziba mitambo ya umeme, na mji unabaki gizani.

Lakini kumwambia mama «usichome sashe» na kuishia hapo ni kumrudisha katika njia anayoiogopa. Huko anakutana na mwenye shamba anayesema msitu ni wake, au na mtu mwenye silaha. Ugomvi wa kuni umeharibu ujirani mahali pengi kati ya wenyeji na wageni, na kila upande una neno lake la haki. Mwenyeji anaona miti yake inakwisha, mgeni hana sufuria isiyohitaji moto. Kwa hiyo sashe ni jambo la kikao cha pande zote mbili, wala si la mafundisho ya usafi tu.

Kikao hicho kiseme wazi: siku gani za kuokota kuni, njia gani, miti gani isiguswe, na wamama waende kwa kundi. Kipunguze pia safari zenyewe. Jiko la udongo lililofunikwa pembeni linakula kuni chache kuliko mafiga wazi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema. Na kwa kuwashia, tunayo makapi ya ngazi yanayobaki baada ya kukamua mawese. Yakikauka yanashika moto upesi, na mara nyingi yanatupwa bure. Anayekamua awape jirani, hata kama jirani huyo alifika jana.

Sashe zenyewe zikusanywe kavu katika mfuko mmoja kila mtaa. Gari linaloleta chakula na dawa linarudi tupu. Viongozi waombe kwa mdomo na kwa barua kwamba mashirika yarudishe mifuko waliyoileta. Wakikataa, shimo lililo mbali na kisima na mto, lifunikwe udongo. Si dawa nzuri, lakini ni ubaya mdogo kuliko moshi jikoni.

Sasa ninanyamaza. Wamama waseme wao wenyewe njia zipi wanaziogopa na siku zipi, wazee wa pande zote mbili wakiwa bado wamekaa hapa.