Kati ya Septemba na Januari: Elimu ya Msichana Kuuzunguka Mlima Meru

Elimu ya mtoto wa kike katika nchi inayouzunguka mlima Meru mara nyingi haipotelei darasani. Hupotelea katika miezi minne, tangu siku ya mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba hadi siku ya kuripoti kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Kabla ya hapo binti ana sare na jina lake linaitwa kila asubuhi. Baada ya hapo ana shule nyingine. Katikati yuko nyumbani tu, na kila mwenye neno juu yake hulisema wakati huo: baba, wajomba, upande uliokwishaleta ng'ombe, mchungaji, mtendaji wa kata.

Mlima huo umelea tamaduni tatu. Upande wa mashariki na kusini-mashariki, Nkoaranga, Akeri na Poli, wapo Wameru, watu wa migomba na kahawa. Upande wa kusini-magharibi wapo Waarusha, ambao husema Kimaa na kufuata marika ya Kimaa lakini huishi kwa jembe. Chini kwenye tambarare za Monduli na Longido wapo Wamaasai wafugaji. Jiji la Arusha limekaa katikati na hupokea mabinti wa pande zote, wengine wakiwa na begi la shule, wengine wakija kuwa wasichana wa kazi.

Shule ilifika na misheni, na haikufika kwa amani. Mwaka 1896 wamisionari wawili Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa ukatili mkubwa. Walutheri walirudi, wakafungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Binti aliyefundishwa na misheni alifundishwa kusoma, kushona na kutunza nyumba, ili awe mke wa Mkristo. Lengo lilikuwa finyu, lakini kusoma hakuna mipaka: anayeweza kusoma katekisimu anaweza pia kusoma hati ya madai au risiti ya chama cha ushirika. Wameru walipoipeleka kesi ya ardhi yao waliyonyang'anywa ya Engare Nanyuki hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, kupitia mwakilishi wao Kirilo Japhet, tayari walikuwa jamii inayojua karatasi ina nguvu gani. Tambarare za ufugaji hazikupata shule mapema hivyo, na pengo lililopo leo kati ya mlimani na mbugani lina mizizi hapo zaidi kuliko katika kile kinachoitwa ukaidi wa wafugaji.

Baada ya uhuru, shule ya msingi ilienea haraka. Azimio la Musoma la 1974 lililenga elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na mabinti wengi wa mkoa wa Arusha wakaketi darasani kwa mara ya kwanza katika historia ya koo zao. Ila nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Katika hali hiyo kufeli darasa la saba kulikuwa jambo la kawaida kwa wavulana na wasichana, wala hakuna aliyeuliza kwa nini binti fulani amefeli. Swali hilo lilianza kuulizwa zilipokuja shule za sekondari za kata. Kampeni ya kuzijenga ilishika kasi Edward Lowassa, mzaliwa wa Monduli, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya Desemba 2005 na Februari 2008. Madarasa yalijengwa kwa michango na nguvu za wananchi, mengine bila walimu wala maabara, na lawama zake zinajulikana. Hata hivyo, shule hizo zilimnyang'anya mzazi sababu moja kubwa: hawezi tena kusema nafasi hazikuwapo.

Sababu hiyo ilipotoweka, ikazuka njia nyingine, nayo imeelezwa mara nyingi na walimu wa Monduli, Longido na Ngorongoro. Binti huambiwa nyumbani, usiku wa kuamkia mtihani au wiki nzima kabla, aandike makosa. Mtihani wenyewe unarahisisha kazi, kwani majibu mengi ni ya kuchagua herufi na kuitia kivuli kwa penseli. Anayeijua B hutia kivuli kwenye D. Mwalimu aliyemfundisha miaka saba huona matokeo na kujua, maana huyu ndiye aliyekuwa akiwasaidia wenzake hesabu, lakini hana la kufanya: karatasi imesema.

Inafaa kuona kwamba hila hiyo si ujinga. Imeisoma sheria vizuri. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Weka sheria hizo mbili pamoja na mlango unaonekana: binti akishafeli si mwanafunzi tena, na asipokuwa mwanafunzi kifungo cha miaka 30 hakimgusi mtu. Ni mtihani ulioharibiwa unaomvua ulinzi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Muda huo ulipita kabla Mahakama ya Rufani haijaukazia uamuzi huo Oktoba 2019.

Miezi hiyo minne ina jambo jingine. Desemba ni likizo ndefu, na ndiyo majira ya emuratare, yaani tohara. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliukuta kwa asilimia 41 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Arusha, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Kwa desturi, aliyekeketwa amekwisha kuwa mtu mzima wa kuolewa. Ndiyo maana kampeni za kupinga ukeketaji zinazoangalia mwili peke yake hazifiki mbali: kinachoamuliwa Desemba ni hadhi ya binti, mtoto wa shule au mke mtarajiwa.

Waliofanikiwa zaidi ni walioikamata kalenda. Kituo cha Emusoi, kilichoanzishwa jijini Arusha mwaka 1999 na Sista Mary Vertucci wa shirika la Maryknoll, huwachukua mabinti wa jamii za wafugaji na kuwapa masomo ya maandalizi kabla ya kidato cha kwanza. Kuna sababu ya kitaaluma: msichana anayeota kwa Kimaa na kusoma msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza ghafla, lugha ya tatu, kwenye biolojia na fizikia. Lakini faida kubwa ni kwamba ana pa kulala mahali asipojadiliwa. Shule ya sekondari ya wasichana ya MaaSae ya Kanisa la Kilutheri, iliyofunguliwa Monduli mwaka 1995, ni ya bweni kwa sababu hiyohiyo. Ng'ambo ya mpaka, Kajiado, mwalimu mkuu Priscilla Nangurai aliigeuza shule ya msingi ya bweni kuwa kimbilio la mabinti waliokuwa wakiozwa. Umaasai wa Kenya na wa Tanzania una tatizo moja na ukapata jibu moja.

Kimbilio, hata hivyo, ni la wachache. Wengi hutegemea mama. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia 2016, lakini fomu ya kujiunga bado inataja sare, viatu, kaunta buku, pengine godoro, ndoo na jembe. Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, linaonyesha vitu hivyo vinatoka wapi. Mama wa Kimeru hushusha mikungu ya ndizi alfajiri, na fedha yake haipiti mkononi mwa mwenye shamba. Sehemu huingia kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu tofauti, kwa hiyo hakuna mume wala mwenyekiti anayeweza kulifungua peke yake. Mtindo huo wa vikundi una asili Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991. Vikundi vingi huvunjwa Desemba, wanachama wakagawana hisa na faida, na Januari ndipo fomu ya kujiunga inapodaiwa. Hapa, angalau mara moja, kalenda iko upande wa binti.

Mlimani kwenyewe, ambako wasichana wanasoma pasipo ugomvi mkubwa, swali limehamia kwenye ardhi. Tamko la sheria za mila la 1963, lililohusu jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, liliwapanga warithi kwa daraja: mtoto wa kiume wa kwanza, kisha wana wengine, mabinti mwisho. Sheria za ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Kihamba cha migomba bado hugawanywa kwa wana, na binti mwenye shahada hupewa hongera.

Mambo hayo mawili, umri wa ndoa na urithi, yaliamuliwa Arusha penyewe kwa ajili ya nchi ya mbali. Tarehe 11 Mei 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini humo, iliamua kwamba sheria ya familia ya Mali, iliyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 16 na kumpunguzia urithi, inakiuka Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake. Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 2007.

Sera ya Elimu ya Tanzania iliyozinduliwa mwaka 2025 inagusa miezi ile minne moja kwa moja. Elimu ya lazima inakuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na mtihani wa darasa la saba hautakuwa tena mlango wa kutokea. Kwa mpango huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na shule za kata zitapokea makundi mawili kwa mpigo, katika kata za Longido na Monduli ambako mwanafunzi asiye na hosteli hutembea saa nyingi kufika shuleni.