Maunzi Huria: Leseni, Faili na Maneno ya Kwenye Boksi

Maunzi huria ni kifaa ambacho muundo wake umewekwa hadharani ili mtu yeyote aweze kuusoma, kuubadilisha, kuusambaza, kutengeneza kifaa chenyewe na kukiuza. Ufafanuzi huo, ambao sasa unatunzwa na Open Source Hardware Association (OSHWA), ulitolewa mwaka 2011 kwa kufuata masharti ya programu huria. Tatizo ni kwamba programu ni maandishi, na maandishi yana hakimiliki tangu yanapoandikwa. Kifaa hakina bahati hiyo.

Hakimiliki hulinda mchoro wa saketi kama mchoro. Bodi iliyotengenezwa kutokana na mchoro huo ni chombo cha matumizi, na kwa kawaida hailindwi na hakimiliki. Kinachoweza kuilinda ni hataza, ambayo huombwa, hulipiwa, na hudumu miaka 20. Ndiyo maana leseni ya Creative Commons iliyobandikwa kwenye faili inaweza kumbana anayenakili faili, lakini ikamshindwa anayeunda bodi ya namna ileile kwa mikono yake. Leseni mahususi za maunzi zilitungwa kuziba pengo hilo: ya TAPR, chama cha wapenzi wa redio, mwaka 2007, kisha ya CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, mwaka 2011. Toleo la pili la CERN, la mwaka 2020, lina sura tatu. Ile kali humtaka anayebadilisha muundo na kuusambaza autoe kwa masharti yaleyale; ya wastani huruhusu muundo huria kuunganishwa na sehemu zilizofungwa; na ya tatu huridhika, kwa sehemu kubwa, notisi za watunzi zikihifadhiwa. Leseni yoyote inayokataza biashara haimo kabisa katika ufafanuzi wa maunzi huria, hata kama faili zote zinapakuliwa bure.

Leseni nzuri juu ya faili mbovu haina kazi. Ufafanuzi unataka faili ziwe katika umbo ambalo mbunifu mwenyewe angelitumia kufanya marekebisho. Mchoro wa PDF hautoshi. Hata faili za Gerber, zile zinazopelekwa kiwandani kuchapa bodi, hazitoshi zikiwa peke yake: kiwanda kitatoa bodi ileile, lakini anayetaka kusogeza kapasita moja au kubadilisha soketi ya umeme atalazimika kuchora upya.

Mfano mzuri ni OpenFlexure, hadubini iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza pamoja na Taasisi ya Afya ya Ifakara ya Tanzania, kwa shabaha ya kupima malaria miongoni mwa kazi nyingine. Sehemu kubwa ya mwili wake huchapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D, na sampuli husogezwa kwa kupindika kwa plastiki hiyohiyo. Umbo lake limeandikwa kama msimbo. Anayetaka kipimo tofauti hubadilisha namba na kuchapa tena. Hata hivyo ndani yake mna Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo wengi huiita huria ilhali faili kamili za bodi yake hazijatolewa, na chipu yake ni ya Broadcom. Hadubini haipotezi sifa yake kwa hilo. Kinachopimwa ni kile kilicho mikononi mwa mbunifu, mradi aseme wazi kipi kimefunguliwa na kipi hakijafunguliwa.

Sharti la kusema wazi ndilo linalokwepwa na matangazo. Kifaa huitwa huria kwa sababu kinaendesha Linux, au kwa sababu kichakataji chake ni cha RISC-V. Lakini RISC-V ni vipimo vya seti ya maagizo tu. Anayeunda chipu juu yake anaweza kuifunga yote. MakerBot, kampuni ya printa za 3D iliyokulia katika jumuiya ya printa huria za RepRap, iliacha kutoa muundo kamili ilipoleta Replicator 2 mwaka 2012, na waliochangia miundo ya awali walilalamika vikali. Kwa upande mwingine kuna malalamiko yasiyo na msingi. Anayetengeneza bodi kwa faili za Arduino Uno na kuiuza kwa jina lake mwenyewe haibi chochote, akitimiza leseni. Akichapa neno Arduino juu yake, hapo amevunja alama ya biashara, kwa kuwa leseni ya muundo haigawi jina.

Maneno “maunzi huria” yenyewe hayamilikiwi na mtu. Kwa hiyo mwaka 2016 OSHWA ilianzisha uthibitisho wenye nembo yake. Mtengenezaji halipi kitu: hutia saini mkataba kwamba ametimiza masharti, hupewa namba inayoanza na herufi mbili za nchi, na akikiuka bila kurekebisha anaweza kutozwa faini. Uthibitisho huo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na hausemi lolote kuhusu ubora au usalama wa kifaa.