Mvuvi Mzee na Maji ya Bamvua

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: kupwa, kujaa, bamvua, mkondo. Leo tutayasoma maneno hayo, na tutafanya hesabu kidogo. Lakini kwanza nataka kuwasimulia habari ya baba yangu.

Baba yangu ni mvuvi wa miguu. Hana ngalawa wala mtumbwi. Tangu ujana wake hungoja maji yapwe, akaenda mwambani na fimbo, mshipi na tenga lake, akavua pweza mashimoni na samaki kando ya mkondo. Kwa pweza hao nilinunuliwa madaftari ya shule. Siku ile alikuwa na umri wa miaka 67. Alikwenda peke yake, kama alivyozoea. Pweza walikuwa wengi. Alipoinua macho, maji yalikuwa yamekwisha anza kujaa, na mkondo ulio kati ya mwamba na ufuko ulikuwa umejaa nyuma yake.

Akaingia mkondoni. Maji yakamfika kiunoni, halafu kifuani. Tenga alikuwa amelifunga kiunoni kwa fundo la kukaza, nalo likawa linamvuta. Akajaribu kulifungua asiweze, kwa kuwa vidole vyake siku hizi ni vizito. Bahati njema, vijana wawili walikuwa wakipita kwa ngalawa. Walimwona, wakamtoa.

Alifika nyumbani mzima, lakini kwa siku tatu hakusema mengi. Nilipokwenda kumjulia hali nilimwuliza, "Baba, wewe unayajua maji yale kuliko mtu ye yote. Ilikuwaje?"

Akanijibu, "Mwanangu, maji ni yale yale. Zamani nilirudi kwa dakika 20. Nilidhani bado ni 20."

Nikataka kumkataza asiende tena. Akaniuliza, "Nikae barazani nihesabu wapita njia?" Sikuwa na jibu. Basi tulikaa pamoja jioni ile tukatunga kanuni za kumrudisha nyumbani salama. Kanuni hizo ndizo somo letu la leo. Mimi sikuja kuwafundisha kuvua. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, nami ni mtu wa ofisini. Nataka tuzungumze habari ya kurudi.

JAMBO LA KWANZA: MAJI

Maji ya bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta maji kwa pamoja. Hapo maji hupwa sana na kujaa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali. Ndiyo maji mafu.

Wavuvi wa miguu hupenda bamvua, kwa sababu mwamba huwa wazi. Lakini bamvua ndilo lenye hatari. Haya, chukueni kalamu. Tuseme maji ya bamvua yatapanda sentimita 360 kwa saa sita. Je, yatapanda 60 kila saa? Hapana. Andikeni hivi, kwa kukisia:

Saa ya kwanza, sentimita 30.
Saa ya pili, 60.
Saa ya tatu, 90.
Saa ya nne, 90.
Saa ya tano, 60.
Saa ya sita, 30.

Jumlisheni. Mtapata 360. Sasa tazameni vizuri. Mtu aliyesimama pale maji yalipoishia, saa moja baadaye maji yamekaribia magoti. Baada ya saa mbili ni sentimita 90, yaani kiunoni. Baada ya saa tatu ni sentimita 180, nayo yamempita kichwa. Saa ya kwanza huwalaghai watu. Maji huja polepole, mtu akasema, "Bado kidogo, nimtoe huyu mmoja."

Tena, maji hayaji kutoka mbele tu. Hupita kwanza katika mikondo na mabonde yaliyo nyuma yako, upande wa ufukoni. Huenda miguu yako imo katika maji ya kifundo, na njia ya kurudi imekwisha kuwa na maji ya kifua.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: nenda maji yakiwa yanakupwa, na uwe umevuka mkondo wa mwisho kabla hayajageuka. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji. Maji yakiukimbia mti wako, bado yanakupwa. Yakisimama pale pale, wewe umekwisha chelewa. Ondoka sasa hivi. Na upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini, usiamini hesabu peke yake.

JAMBO LA PILI: MWILI

Wazee wangu, tusioneane haya. Mwili wa miaka 65 si ule wa miaka 30. Pimeni mwendo wenu upya. Siku moja ya maji mafu, tembea kutoka mwambani mpaka ufukoni ukiwa umebeba tenga lenye uzito, na mjukuu ashike saa. Baba yangu alipopimwa alipata dakika 35. Tuliandika namba hiyo kwa chaki mlangoni pake.

Mwenye mtoto wa jicho haoni vema kina cha maji, hasa jua likimeta. Huyo asivuke mahali asipopaona chini. Mtu aliyeinama shimoni kwa muda mrefu asiinuke ghafula, maana kizunguzungu humwangusha, na zaidi anayetumia dawa za shinikizo la damu. Mwulize daktari wako kabla ya kwenda. Unguja, siku za bamvua, maji hupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Basi kurudi kwako ni kwenye jua kali. Vaa kofia pana ya ukindu, na uchukue maji ya kunywa.

Mwenye kisukari huenda hasikii maumivu miguuni. Akichomwa au kukatwa hajui. Huyo asiingie baharini bila viatu kamwe, na kila jioni aitazame miguu yake, au amwombe mtu amtazamie.

JAMBO LA TATU: MIGUU NA FIMBO

Vaa viatu vya raba vyenye soli nene, vilivyofungwa kamba. Ndara hazifai, hunaswa na kuvuka. Chukua fimbo ndefu inayofika kifuani. Iwe mguu wako wa tatu: miwili isimame imara kabla wa tatu haujasogea. Mahali penye mchanga, usinyanyue miguu juu. Ikokote. Taa hujifukia mchangani, na akisikia mtikisiko huenda zake. Ukimkanyaga, hukupiga kwa mwiba wa mkia. Kwenye mawe yuko samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Usitie mkono shimoni kabla ya fimbo. Wala usiokote konokono mwenye gamba zuri lenye umbo la pia, akiwa hai. Wengine wao huchoma, na sumu yao yaweza kuua.

Usiingie maji yanayopita magoti ikiwa yanakwenda kasi. Tenga lifungwe kwa fundo la kitanzi, linalofunguka kwa kuvuta ncha moja. Jaribu nyumbani ukiwa umefumba macho. Tena vaa filimbi shingoni. Simu huingia maji. Filimbi hailoi ikaharibika.

JAMBO LA NNE: MAMBO YAKIHARIBIKA

Ukichukuliwa na mkondo, kwanza achilia tenga. Samaki watapatikana kesho. Lala chali, miguu itangulie, ili igonge mawe kabla ya kichwa. Usishindane na mkondo uso kwa uso. Ukate kwa mshazari mpaka ufike maji madogo. Piga filimbi.

Mtu akichomwa na taa au na yule samaki wa jiwe, mtoeni majini. Damu ikitoka kwa wingi, bonyezeni kwa kitambaa safi. Kisha tieni mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, yasiunguze, kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Mwenye afya ayajaribu maji kwanza kwa mkono wake, maana mguu uliokufa ganzi hausemi kweli. Mwiba uliozama sana, au uliochoma kifua au tumbo, usiung'oe. Mpelekeni hospitali upesi, hata kama maumivu yamepungua.

La mwisho ni dogo, lakini baba yangu alilipinga kuliko yote: usiende peke yako. Mzee aende na mwenziwe, na aache habari nyumbani ya mahali anapokwenda na saa ya kurudi. Siku hizi baba huenda na mjukuu wa jirani. Kijana hubeba tenga na kutazama kijiti. Mzee humwonyesha mashimo. Kila mmoja huona kuwa ndiye anayemchunga mwenziwe.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini maji ya bamvua ni makubwa kuliko maji mafu?
2. Mzee mmoja hutumia dakika 30 kurudi kutoka mwambani. Maji yatakupwa kabisa saa nne. Aanze kurudi saa ngapi, ikiwa ataka kufika ufukoni maji yakiwa bado hayajageuka?
3. Kila mmoja aandike jina la mtu atakayemwambia kabla ya kwenda pwani. Mwalimu asisahihishe jibu hili. Lipelekeni nyumbani, mkamsomee mtu huyo.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Wasikilizaji wangu, kwaherini mpaka somo lijalo.