UCHUNGUZI KWANZA, MWIKO BAADAYE

Hotuba ya halmashauri kwa wanachama waashi, maseremala na vibarua waliokutana Doldol

Ndugu Wanachama,



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara peke yake. Tumekuja kusema juu ya majengo ya kale, na fedha zinazotolewa ili majengo hayo yachunguzwe kabla ya kutengenezwa. Labda mtauliza, jambo hilo latuhusu nini sisi watu wa nyundo na mwiko? Latuhusu sana.

Ziko serikali na vyama vya ng'ambo vinavyotoa ruzuku, yaani fedha za msaada zisizorudishwa, kwa majengo yenye historia. Sehemu ya fedha hizo si ya mawe wala mbao. Ni ya kupima kuta, kuchora jengo, kutazama msingi, kujua lipu ya zamani ilichanganywa na nini, na kuandika makadirio. Wengi wetu tukizisikia husema, "Hizo ni za watu wa kalamu." Tusiseme hivyo upesi.

Sisi wenyewe tuliwahi kuitwa kutengeneza nyumba moja kuukuu upande huu wa mlima. Kuta zake zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hapakuwa na uchunguzi wo wote. Tuliambiwa tupige lipu ya saruji, nasi tukapiga. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji hufungia maji ndani. Mvua za pili zilipokwisha, lipu ilibabuka pamoja na uso wa mawe. Nani alilaumiwa? Si aliyetoa amri. Tulilaumiwa sisi, na siku zetu za mwisho hazikulipwa.

Sasa tazameni Ngome ya Yesu kule Mombasa. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hata 1596. Tangu 1895 ilikuwa jela. Mwaka 1958 jela iliondolewa, na Shirika la Gulbenkian la Ureno likatoa ruzuku ya paundi 30,000. Hawakukimbilia kupaka rangi. Bwana James Kirkman na watu wake walichimba na kuchunguza, na mwaka 1960 ngome ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vitabu vyataja jina la Bwana Kirkman. Wale walioshika sururu na karai, majina yao hayajulikani kwa wengi. Hilo nalo tulikumbuke.

Vukeni bahari mpaka Unguja. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash, lilijengwa mwaka 1883. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, upande mkubwa wa jumba uliporomoka, na watu wawili wakafa. Hatukuja hapa kumnyoshea mtu kidole. Twasema hili tu: jengo la kale likianguka, haliwaangukii wenye fedha walio ofisini. Lamwangukia aliye juu ya jukwaa. Basi uchunguzi wa jengo ni kama kofia ya chuma: ni kinga ya mfanyakazi.

Na hapa kwetu je? Kule Ruring'u, Nyeri, mahakama ya zamani ya wenyeji sasa ni makumbusho. Hapa Mukogodo, wazee wa Kiyaaku walikaa mapangoni, wakiwinda na kufuga nyuki. Mtu aweza kusema pango si jengo. Lakini moto uliwashwa humo, watoto wakazaliwa humo, na mizinga ya asali ikawekwa humo. Kama hiyo si nyumba, nyumba ni nini? Mtu akija na karatasi ya kuomba ruzuku, mapango hayo yaandikwe pia, na wenyewe waulizwe kwanza. Iko Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na iko Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Tuzisome, tusingoje kusomewa.

Kwa hiyo, ndugu, halmashauri yawaombeni mkubali mambo manne:

Kwanza, mwanachama asipande jukwaa la jengo la kale kabla tajiri hajaonyesha taarifa ya uchunguzi na kueleza palipo hatari.

Pili, fundi wa mahali pale awe miongoni mwa wachunguzi, na ujira wake wa kila siku uandikwe katika hesabu ya ruzuku tangu mwanzo. Mzee ajuaye kuchoma chokaa ana elimu, ingawa hana cheti.

Tatu, kila kazi ya namna hii ichukue vijana wa kujifunza, na walipwe. Ujuzi wa chokaa ukifa pamoja na wazee, hakuna ruzuku itakayoufufua.

Nne, majina ya mafundi yaandikwe katika taarifa, pamoja na ya wakubwa.

Najua, wengine mwasema njaa haingoji taarifa. Kweli, haingoji. Ndiyo sababu twataka siku za uchunguzi ziwe siku za ujira, wala si siku za kukaa kando ya barabara tukitazama wageni wakipima. Mmoja wetu akikataa peke yake, atafukuzwa na mwingine ataitwa. Tukikataa wote, watatusikiliza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: kabla hujauziba, ujue umetoka wapi.

Umoja ni nguvu.