Maji ya Mto na Zebaki ya Dhahabu

Leo nazungumza nawe unayechota maji mtoni huku watu wakiosha dhahabu upande wa juu, kama kandokando ya Mto Migori, ambao maji yake huishia Ziwa Victoria.

Siku hizi kuna vifaa vidogo viitwavyo vihisio. Hutiwa majini, vikapima tope, joto na asidi, kisha vikatuma vipimo kwa mtandao wa simu. Wachimbaji wasio na vibali wakimwaga matope usiku, maafisa wanaweza kujua kabla ya kupambazuka. Ni kazi nzuri. Lakini sikiza hapa, mama: vihisio vya kawaida havioni zebaki, ule umajimaji wa rangi ya fedha unaoshika dhahabu. Kuipima, lazima maji, tope au samaki wapelekwe maabara. Kwa hivyo kifaa kikinyamaza, usidhani mto ni safi.

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu. Zebaki hakuiondoi, wala dawa ya klorini haiiondoi. Afadhali kisima kilicho mbali na machimbo, au maji ya mvua, mradi paa haliko karibu na mahali pa kuchomea dhahabu.

Ndani ya tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki. Samaki mkubwa alaye wenzake, kama mbuta, huikusanya kuliko omena. Mama mjamzito akimla mara kwa mara, sumu hufika hadi ubongo wa mtoto tumboni. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka wa 1956, zebaki ilitoka kiwandani. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ulemavu.

Na hatari nyingine iko jikoni kwako. Baba akichoma donge la dhahabu juu ya jiko, mvuke wa zebaki hauna harufu, na mtoto mgongoni anauvuta. Usikubali, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Sufuria iliyochomewa dhahabu isipikiwe ugali tena. Nguo zake za kazi zifuliwe kando na nepi.

Kunyonyesha usiache.

Ukija kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi kama nyumbani kuna anayechoma dhahabu. Sisi hatuulizi kibali.