Aliyebaki na Mgonjwa



Leo nasema na wale wanaosaidia wauguzi katika hospitali na vituo vyetu vya afya: wanaobeba beseni, wanaobadilisha mashuka, wanaolisha na kuosha wagonjwa. Jina la daktari watu wanalijua. Jina lenu wachache wanaliuliza.

Siku chache zilizopita mama mmoja wa kazi hiyo aliniambia: «Mchungaji, miezi minne sijapata kitu. Nihudumie wagonjwa kwa moyo gani?» Nikamjibu haraka: «Mungu atakulipa.» Alinyamaza, akaenda kwenye zamu yake. Usiku ule sikupata usingizi. Nilijua nimemjibu vibaya.

Nikafungua Luka sura ya 10, habari ya Msamaria. Sisi wahubiri tunamsifu, na ni haki. Lakini kesho yake aliendelea na safari. Nani alibaki na yule mtu mwenye vidonda? Mwenye nyumba ya wageni. Kama mgonjwa alioshwa na kulishwa siku zilizofuata, ni kwa mikono yake. Na Msamaria hakumwambia kwamba Mungu atamlipa. Alitoa dinari 2, akaahidi kulipa kitakachozidi.

Basi, ninyi wakubwa wa hospitali, sikieni. Mgonjwa akilipa, fungu la msaidizi lisipotelee ofisini. Huduma njema huanza na mshahara wa haki.

Na ninyi wasaidizi, sikieni pia. Mwenye nyumba alimpokea mgonjwa kabla ya kulipwa yote. Mtu asiyeweza kujigeuza, akilala upande mmoja muda mrefu, nyama yake huanza kuoza mgongoni, kiunoni na kwenye visigino. Anahitaji kugeuzwa kila saa mbili hivi, mchana na usiku. Shuka lenye mkojo huongeza kidonda. Sindano ya daktari haiwezi kufanya kazi hiyo. Mikono yako inaweza. Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine. Ukimwosha, mfunike, hata mzee asiyeongea anaona haya. Akikataa chakula, au mwili ukiwaka moto, mwambie muuguzi saa ileile, usingoje mwisho wa zamu.

Tena usingoje matabishi ndipo ubadilishe shuka. Mgonjwa asiye na ndugu wa kumlinda hana cha kukupa. Huyo ndiye yule aliyeachwa kando ya njia.

Na sisi tunaolaza wagonjwa wetu, tuache kuwafokea wasaidizi kama watumwa. Tuseme aksanti. Tuulize jina.

Nilirudi kwa yule mama, nikamwomba msamaha. Malipo yake bado hayajatoka, na sisi wa kanisa tumekubaliana kwenda naye kuuliza. Nikamuuliza: «Usiku ule, baada ya jibu langu, ulifanya nini?» Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

«Nilimgeuza mzee wa kitanda cha mwisho,» akasema. «Hana mtu. Nani angemgeuza?»

Bwana awatie nguvu wote walio kwenye zamu usiku wa leo, na atupe sisi moyo wa kuwatendea haki. Amina.