Heshima ya Mwanamke katika Picha na Matangazo



Apitaye mbele ya maduka huona picha nyingi ukutani: hii ya sabuni, ile ya bia, nyingine ya mipira ya motokari. Mara nyingi mwanamke ametiwa ndani yake, amevuliwa nguo nusu, ingawa mpira wa motokari haumhusu hata kidogo. Ametiwa humo ili macho yavutwe, na mfuko ufuate macho. Basi leo tuulize: je, sheria ya nchi yaweza kumkinga mwanamke asifanywe chambo cha biashara? Tutazame nchi moja iliyojaribu, yaani India.

Bunge la India lilitunga sheria juu ya jambo hili mwaka wa 1986, nayo ikaanza kutumika tarehe 2 Oktoba 1987. Yakataza kuonyesha umbo la mwanamke, au kiungo chochote cha mwili wake, kwa namna iliyo chafu, au yenye kumdharau, au iwezayo kuharibu adili ya watu. Katazo hilo lahusu matangazo, vitabu, magazeti, michoro na picha, hata zinazopelekwa kwa posta. Mkosaji wa mara ya kwanza aweza kufungwa hadi miaka 2 na kutozwa hadi rupia 2,000. Akirudia, kifungo hakipungui miezi 6, nacho chaweza kufika miaka 5. Na faini yake ni kuanzia rupia 10,000 hadi 100,000. Kosa likitendwa na kampuni, wakubwa wake nao huweza kushtakiwa.

Lakini sheria hiyo haikuhukumu kila picha ya mwili. Iliacha vitabu vya elimu na vya sanaa, pia sanamu za mahekalu na majengo ya kale. Tena sikilizeni kisa hiki. Mwaka wa 1993 magazeti mawili ya India yalichapa picha ya Boris Becker, mcheza tenisi wa Ujerumani, pamoja na mchumba wake mwenye ngozi nyeusi, wote wawili bila nguo. Mtu mmoja akashtaki. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi, nayo ikaamua mwaka wa 2014 kwamba picha ile haikuwa chafu. Waamuzi walitazama pia maneno yaliyoandikwa pamoja nayo, wakaona kwamba shabaha yake ilikuwa kupinga ubaguzi wa rangi. Hapo twajifunza kupima shabaha: je, mtu huyu aheshimiwa kama mtu, au auzwa kama kitu?

Sheria hiyo ina upungufu wake pia. Ilitungwa kabla picha hazijaanza kuruka kutoka simu hadi simu. Mswada wa kuitengeneza uliletwa bungeni mwaka wa 2012, ukaondolewa mwaka wa 2021. Mkono wa sheria ni mfupi. Mkono wa mfanya biashara ni mrefu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kazi iliyobaki ni yetu. Sheria yaweza kumzuia muuzaji, bali haiwezi kuongoza jicho la mnunuzi. Baba abandikaye picha ya namna hiyo nyumbani humfundisha binti yake kwamba thamani yake ni mwili tu, naye mwana wa kiume hujifunza vivyo hivyo. Picha isiyopata mnunuzi haitachapwa tena.

MASWALI

Sheria ya India yakataza nini?
Yakataza kumwonyesha mwanamke kwa namna chafu au yenye kumvunjia heshima.

Je, kila picha ya mwili ni mbaya?
Sivyo. Yafaa kupima shabaha yake.

Je, yatosha kusema, «Mimi nimetazama tu»?
Haitoshi. Anayenunua na anayesambaza hushiriki kosa la aliyechapa.